Mota ya baiskeli: Tupime mlima kabla ya kupima wati

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyobebeshwa mizigo isiyo yao, sidhani kama lipo lililoelemewa kuliko neno "nguvu". Fahali ana nguvu, dawa ina nguvu, serikali ina nguvu, na hata chai iliyokolea majani tunaambiwa ina nguvu. Katika mazungumzo ya kawaida hapana dhara, kwani muktadha humsaidia msikilizaji. Dhara huanza pale mfanyabiashara anapomwambia mkulima wa Othaya kwamba mota fulani ya baiskeli "ina nguvu kuliko ile", akataja wati 1,000, kisha akanyamaza. Mkulima hutoa akiba yake akidhani ameelezwa jambo, kumbe ametajiwa tarakimu tu.

Mimi nafundisha isimu, wala si mhandisi. Walakini, suala hili ni la lugha kabla ya kuwa la mitambo. Kani ni ile inayosukuma au kuvuta. Nishati ni akiba iliyomo ndani ya betri. Wati hupima kasi ya kuitumia akiba hiyo. Lipo na jambo la nne, ambalo mlimani ndilo kubwa: msokoto, yaani jinsi kani inavyoizungusha ekseli, nao hupimwa kwa nyutoni-mita. Mota mbili zenye wati sawa zaweza kuachana mbali kwa msokoto. Moja ikapanda na mzigo wake, nyingine ikaunguza nyaya katikati ya mteremko.

Baiskeli si ngeni kwetu. Jina bodaboda lenyewe lilizaliwa kwenye baiskeli zilizovusha abiria mpakani Busia, kabla pikipiki hazijalitwaa. Serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani mnamo 2008, baiskeli ya mizigo ilisukumwa kando ya barabara. Leo seti za mota na betri, ambazo fundi aweza kuzifunga kwenye baiskeli iliyopo, zinampa mwenye baiskeli nafasi ya kurudi barabarani pasipo petroli. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika jambo hili naomba ruhusa ya kuwapinga, kwa sababu shamba la Nyeri si moja.

Anayetoka Kiganjo kuelekea Naro Moru na Nanyuki husafiri kwenye uwanda wenye mwinuko mpole, ambako adui wake mkubwa ni upepo. Bali anayekwenda Othaya, Tetu au Mukurwe-ini hukata mabonde ya mito itokayo milima ya Nyandarua, kama vile Chania na Gura. Hushuka hadi darajani na kupanda tena, kisha bonde jingine likamngojea. Watu hawa wawili hawastahili kuuziwa mota moja.

Mota za kugeuzia baiskeli ni za aina mbili kuu. Ya kwanza hukaa ndani ya kitovu cha gurudumu. Haiuchoshi mnyororo, haina mambo mengi, na aghalabu ni nafuu. Kwa mtu wa uwanda, hiyo yatosha. Ila gurudumu likienda polepole, nayo huzunguka polepole, na hapo sehemu kubwa ya umeme hugeuka joto badala ya mwendo. Aina ya pili hufungwa penye ekseli ya pedali na kuuvuta mnyororo uleule unaovutwa na miguu. Kwa hiyo mpandaji akibadili gia, hubadili pia mwendo wa mota. Gurudumu laweza kujikokota ilhali mota inazunguka kwa kasi inayoifaa.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua mpandaji, baiskeli na gunia dogo la viazi, jumla kilo 150, wakipanda mwinuko wa asilimia 8 kwa kilomita 10 kwa saa. Kazi hiyo hudai takriban wati 380 kwenye gurudumu. Mtu mzima mwenye afya aweza kutoa kama 100 kwa muda mrefu. Zilizobaki 280 ni za mota. Msomaji ataona kwamba wati 1,000 si lazima hata kidogo. Linalotakiwa ni mota iwezayo kutoa hizo 280 bila kuchemka, dakika baada ya dakika.

Katika aina hii ya pili, majina matatu hutajwa sana, yote ya viwanda vya China. Tongsheng TSDZ2 ni nyepesi, chini kidogo ya kilo 4, na msokoto wake hutajwa kuwa nyutoni-mita 80. Sifa yake kubwa ni kwamba hupima jinsi mguu unavyokanyaga, ikaongeza msaada kwa kadiri hiyo; hivyo hutumia betri kwa uangalifu. Udhaifu wake ni gia ya ndani ya nailoni na kuchemka kwenye mpando mrefu. Inamfaa mwalimu anayekwenda shuleni na mkoba wake, wala haimfai mchuuzi wa viazi. Bafang BBS02 ya wati 750 hutajwa kuwa na nyutoni-mita 120. Yenyewe hutambua tu kwamba pedali zinazunguka, haijui zimekanyagwa kwa bidii gani, lakini huvumilia mzigo zaidi. Bafang BBSHD ya wati 1,000 hufika nyutoni-mita 160 na hustahimili joto kuliko zote, ila ina uzito unaokaribia kilo 6, hula betri na kuutafuna mnyororo. Kwa hesabu yangu, mchuuzi wa mabondeni atafutiwe BBS02, au BBSHD iliyopunguzwa ukali. Kumpa BBSHD mtu wa Nanyuki anayebeba maziwa ya lita kumi ni kumkamulia mfuko.

Lakini sharti moja husahauliwa. Faida yote ya mota ya pedali hutegemea gia, na baiskeli iliyozoeleka vijijini, ile nyeusi tuiitayo "black mamba", ina gia moja tu. Ikiwa mbele pana meno 46 na nyuma 20, basi kwa mwendo ule wa kilomita 10 kwa saa pedali huzunguka mara 33 tu kwa dakika, na mota hukokotwa katika mwendo usioifaa hata kidogo. Ukiweka nyuma meno 34, pedali hufika mara 55, na hali huanza kuwa nzuri. Kwa hiyo asiye na gia anunue gia kwanza. Apime pia bomba la fremu linalopitisha ekseli ya pedali: seti nyingi hutaka bomba lenye upana wa milimita 68 hadi 73.

Betri nayo isisahauliwe. Ya volti 48 na ampea-saa 13 hubeba wati-saa 624. Kuupandisha mzigo wetu wa kilo 150 mita 100 kwenda juu hula takriban wati-saa 60, ukijumlisha hasara za njiani. Hiyo ni mipando kama kumi, na zaidi kidogo kwa mpandaji asiye mvivu wa kukanyaga.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wauzaji hulinyamazia. Kuupanda mchongoma, kuushuka ndiyo ngoma. Mota ya pedali haikusaidii kufunga breki. Ukiteremka, ni wewe, mzigo wako na zile fimbo za chuma zinazobana raba kwenye rimu. Mvua ikinyesha, rimu ya chuma huteleza. Mota iliyokuwezesha kupanda na kilo 50 zaidi ndiyo iliyokuwezesha kushuka nazo kuelekea darajani Gura. Seti hizi huja na mikono ya breki inayokata umeme mara tu inapobanwa, ila mikono hiyo haiendani na breki za fimbo, na wapo wanaoiacha ndani ya boksi. Kwa maoni yangu, baiskeli isiyoweza kufungwa breki bora isifungwe mota, hata mwenyewe akisihi.

Yapo mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, muuzaji aandike kwenye boksi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, msokoto wa mota, wati inazohimili kwa mfululizo na uzito unaopasa kubebwa. Pili, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kimo papa hapa Nyeri. Wahandisi wake wazichukue mota hizi, wazipandishe mabonde yetu na magunia yetu, kisha watangaze matokeo kwa lugha ya wakulima. Mkulima anayejua tofauti ya wati na msokoto hatababaishwa na neno "nguvu". Atamwuliza muuzaji: nguvu ya kufanya nini, kwenye mlima gani, na breki ziko wapi?