Shoka, Mgongo na Mashine ya Kuchanjia Kuni

Mume wangu alitaka mashine yenye nguvu. Mimi nilitaka kujua ni nani hasa anachanja kuni za nyumba yangu.

Kama umekulia Dar es Salaam kama mimi, kuni kwako ni habari ya misibani na harusini, pale mafiga yanapobeba masufuria ya pilau. Mimi nilizijua vizuri nilipomfuata mume wangu Njombe, alikohamishiwa kikazi. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Si mchezo! Nyumba tuliyopanga ina sehemu ya kuotea moto sebuleni yenye bomba la moshi, na wiki ya kwanza tu nilielewa kwamba hilo si pambo.

Basi mume wangu akanunua shoka. Kila niliporudi kutoka Dar kwenye vikao vya ofisi, nakuta rundo la kuni limepangwa vizuri ukutani. "Umeona kazi ya mumeo?" ananiuliza. Na mimi kama mke, nasifia. Wanawake wenzangu mnajua, mwanaume akisifiwa anaongeza bidii.

Jumamosi moja kijana akabisha hodi. "Kamwene, dada. Kaka aliniambia nije nichukue ile hela ya kuni." Hela ya kuni ipi? Akanionyesha kwa kidole. Ya lile rundo. Na la mwezi uliopita pia lilikuwa lake.

Nilimlipa, nikanyamaza hadi usiku. Moto ukiwa unawaka nikamuuliza mwenzangu kwa sauti ya kawaida kabisa. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia mgongo unamuuma tangu mwezi wa kwanza tuliohamia. Kuinama ni shida, kunyanyua shoka ndiyo kabisa. Hospitali alishakwenda, akaambiwa aache kunyanyua vitu vizito. Hakuniambia kwa sababu, kwa maneno yake, "Nimekuleta baridini, halafu nishindwe hata kukuwashia moto?"

Kiukweli niliumia. Kijana kulipwa halikuwa tatizo. Kilichoniuma ni kwamba mtu ninayelala naye kitanda kimoja alikuwa anageuka kwa maumivu na mimi sijui.

Kesho yake, kwa aibu ile ya kiume, akaja na suluhisho: tununue mashine ya umeme ya kuchanjia kuni. Tena ya tani 10!

TANI SI SIFA

Mashine hizi haziangushi shoka. Mota inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma gogo hadi kwenye kabari ya chuma, na gogo linaachana. Tani ndiyo nguvu ya huo msukumo. Wanaume wengi wakiona namba wanataka kubwa, kama wanavyofanya kwenye spika za gari.

Mimi nikachukua futi ya fundi cherehani, nikaenda kwenye rundo. Kuni zetu nyingi ni miwati, nyuzi zimenyooka, unene sentimita 15 hadi 22. Mashine nyingi ndogo za nyumbani, za tani 4 hadi 7, zinapokea gogo la unene wa takriban sentimita 25. Kwa miwati ya aina hiyo tani 5 zinatosha. Milingoti minene yenye mafundo ndiyo inayodai tani 7 au zaidi.

Pima na urefu pia. Kuna mashine zinazoishia sentimita 37, nyingine 52. Sisi tunakata vipande vya sentimita 40, kwa hiyo ile fupi, hata kama bei yake inavutia, ingekuwa pambo la stoo.

SOKETI NAYO INA MANENO

Shemeji yangu aliyeko Marekani alituonea huruma, akasema atatuwekea mashine kwenye kontena la jamaa yake. Tulishangilia hadi fundi umeme alipouliza volti. Kule nyumba zinatumia volti 120 na hezi 60, huku kwetu ni 230 na 50. Ukiichomeka moja kwa moja unaiunguza. Ukitafuta transfoma ya kubeba mota hiyo, nafuu ya zawadi inaishia hapo. Tukamshukuru shemeji, tukaomba atutumie makoti.

Na zile tani 10? Baadhi zinataka umeme wa njia tatu, wakati nyumba nyingi za kawaida zina njia moja. Mashine ya tani 5 hadi 7 huwa na mota ya wati 1,500 hadi 2,200. Hiyo ya 2,200 inavuta karibu ampea 10, kwa hiyo plagi ya kawaida ya ampea 13 inaibeba, mradi usiwashe birika kwenye waya huohuo. Kwenye LUKU, saa nzima ya kazi ni uniti 2 na kidogo. Sisi kuni za mwezi hazitumalizii saa mbili.

Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu hapa haifai. Tafuta waya mnene wa milimita 2.5 za mraba, na kama umeviringwa uukunjue wote maana ukibaki umeviringwa unapata joto. Siku umeme ukiwa mdogo, taa zinafifia, acha kazi. Mota ikilazimishwa na umeme mdogo inachemka na kuungua.

HAPA NDIPO MGONGO ULIPOAMUA

Tulipata mashine mbili tulizozimudu, zote za tani 5, bei karibu sawa na kodi yetu ya miezi minne. Ya kwanza ni ya kulala, inakaa chini, ina magurudumu mawili. Mume wangu aliipenda. Nikamwambia, "Hebu jifanye unaweka gogo." Akainama. Nikamwambia aweke la pili, na la tatu. Alipofika la nne akashika kiuno, tukaangaliana, tukacheka. Yeye akacheka kidogo zaidi ya kuumia.

Ya pili ni ileile ya kulala lakini ina stendi, gogo unaliweka usawa wa kiuno. Zipo pia za kusimama, ambazo gogo linasimamishwa wima na kabari inashuka toka juu, ila tulizoziona zilikuwa nzito zaidi na bei yake imechangamka. Tukachukua ya stendi. Hebu fikiria, kama angeendelea kunificha tungenunua ya chini, na ningebaki nashangaa kwa nini haitumiki.

KABLA HUJATOA PESA

Hakikisha ina vidhibiti viwili, kimoja kwa kila mkono, na ukiachia kimoja inasimama. Hiyo ndiyo inayozuia vidole kufika kwenye kabari. Muuzaji akikuonyesha namna ya kufunga kimoja kwa kamba ili "kazi iende haraka", ondoka.

Uliza kuhusu skrubu ya hewa. Mashine nyingi za aina hii ina skrubu ndogo unayoilegeza kabla ya kazi na kuikaza kabla ya kusafirisha. Ukiisahau unaharibu sili, mafuta yanavuja.

Gogo likigoma kwa sekunde 5, achia. Ligeuze ujaribu upande mwingine, au liweke kando. Usilazimishe, na usipasue mawili kwa mpigo.

Milingoti ichanje ingali mbichi, ikikauka inakuwa ngumu kama chuma. Kisha zipange kuni juu ya mbao, juu kuna bati, pembeni wazi upepo upite, zikae miezi 6 hadi 12. Kuni mbichi zinakupa moshi badala ya joto.

YULE KIJANA JE?

Najua utaniuliza. Mashine haikati gogo refu, inapasua tu. Kwa hiyo bado anakuja na msumeno wake kukata vipande, na yale mafundo mashine inayoyakataa anayamaliza kwa shoka. Kipato chake kwetu kimepungua, sitakudanganya. Ila sasa analipwa mchana kweupe, na mimi ndiye ninayempa chai.

Watengenezaji wanasisitiza mashine iendeshwe na mtu mmoja tu, yeye mwenyewe aweke gogo, wengine wakae mbali. Mwanzoni nilisikitika, nilidhani ingekuwa kazi ya kufanya pamoja kimahaba. Tumegawana hivi: mimi naendesha, miwani machoni na glavu mkononi. Nikizima, mume wangu anakuja kupanga, vipande viwili viwili, taratibu. Siku mgongo ukimsumbua anasema, "Leo siwezi," kisha anakaa ndani karibu na moto.

Sentensi hiyo ilichukua miezi saba kutoka. Msomaji wangu, kabla hujamuuliza muuzaji mashine ina tani ngapi, muulize mwenzio anaumwa wapi.