Kitendawili cha maji ya Kitale

Kitendawili! Tega. Nimezaliwa Kitale, nimepita Bungoma, nimefika Misri bila kupanda gari.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Mmenipa Webuye? Haya, nimekwenda Webuye, nimesimama kwenye maporomoko ya Nabuyole, na jibu likanguruma mbele yangu: maji ya mto Nzoia.

Mvua inyeshayo Cherangani, mlima Elgon na mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia hukusanyika katika mto huu. Nzoia hupita Webuye na Mumias, ukateremka hadi Budalang'i na kuingia Ziwa Victoria. Ziwa nalo hutoa Nile, na Nile humwaga maji yake Mediterania. (Upande wa Suam una safari yake: maji yake hufuata Turkwel hadi Ziwa Turkana, nayo hayatoki tena.) Kwa hiyo, mtoto wa Kitale, maji ya mto wako hayaendi Mombasa. Bahari yake ni ile ya Misri.

Ndiyo maana kijana wa huku akisema anasomea sayansi ya bahari, na majirani wakamuuliza, "Kwani hapa bahari iko wapi?", mimi humjibia: inaanzia kwenye mfereji ulio nyuma ya jikoni kwenu. Hata Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ina kituo chake Kisumu, kando ya ziwa.

Sasa niwaeleze kazi anayoifanya kijana huyo. Ana jicho angani. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, huzunguka dunia zikiwa kilomita 786 juu yetu. Zikiwa mbili, hupita juu ya mahali pamoja kila baada ya siku 5, yapata saa nne na nusu asubuhi, wakati nyinyi mko darasani. Kila doa la picha zake zilizo kali zaidi ni mraba wa mita 10 kwa 10, mkubwa kidogo kuliko darasa lenu.

Setilaiti haionji maji wala hainusi. Inapima mwanga wa jua unaorudi juu baada ya kugusa maji. Maji safi humeza mwanga mwekundu, kwa hiyo kutoka juu huonekana meusi au ya buluu iliyokolea. Udongo ukiingia, mwanga mwingi hurudishwa, na mto huwa na rangi ya chai ya maziwa. Mwani, ile mimea midogo mno inayoelea, humeza mwekundu na buluu na kuacha kijani. Rangi, basi, ni habari.

Lakini kilichofika kwenye kompyuta ni namba tupu. Nani atajua kama namba hii ni udongo kidogo au udongo mwingi? Hapo kijana huvaa gambuti. Siku ambayo setilaiti inapita, na saa ileile, yeye huteka maji. Hupima karatasi nyembamba ya kuchujia kwenye mizani, humimina lita moja ya maji taratibu, hukausha karatasi, kisha huipima tena. Uzito ulioongezeka ndio udongo uliokuwamo. Akifanya hivyo mara nyingi, mahali pengi, huweza kuiambia picha: ukiona rangi hii, udongo ni kiasi hiki.

Ziwani hutumia pia sahani ya Secchi. Huishusha kwa kamba hadi isionekane tena, akasoma kina, ajue maji ni maangavu kiasi gani. Padri Angelo Secchi wa Italia aliijaribu mwaka 1865 kwenye bahari ya Mediterania, kule kule yanakoishia maji yenu.

Udongo huo ulio mtoni, yaani tope, ndiyo rutuba ya shamba la mtu wa Kiminini au Kimilili, na mara nyingine umebeba mbolea aliyoinunua kwa taabu. Mbolea ikifika ziwani hulisha mwani na magugumaji. Mwani ukifa na kuoza hula hewa ya oksijeni majini, na samaki hukosa pumzi. Mkulima amepoteza, mvuvi amepoteza. Mimi jambo hili huniuma sana.

Kuna kikwazo kimoja kikubwa: mawingu. Mvua ndefu zinapoleta tope jingi kuliko wakati wote, ndipo mawingu huziba jicho la angani. Majuma hayo hakuna mbadala wa mtu mwenye ndoo na daftari.

Picha za setilaiti hizo ni za bure. Mwanafunzi mwenye intaneti Bungoma anazipata sawa na profesa wa Ulaya. Asichoweza kuwa nacho profesa huyo ni maji ya kijito chenu.

Kwa hiyo nawaomba. Mkiwa na mtu mzima, jazeni chupa angavu kwa maji ya mto, muiache dirishani usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi pimeni kwa rula tope lililotuama chini, mwandike tarehe. Fanyeni mwezi wa kwanza, wakati wa ukavu, mkarudie mwezi wa nne. Daftari hilo mlitunze.