KENGELE YA FRERETOWN
Matembezi katika kijiji cha watu waliotoka utumwani



Katika namba hii ya gazeti letu tunakwenda matembezi Kenya. Musicheke! Haiko komine yetu ya Kenya, hapa karibu na Kamalondo na Katuba. Ni Kenya inchi, kule pwani, katika mji wa Mombasa penye bandari. Wengi wetu hatujaona bahari hata siku moja, lakini kwa ramani mutu anaweza kutembea pia. Ng'ambo ya mji ule iko mtaa unaoitwa Freretown. Walioukaa kwanza ni Wakristo Waafrika waliokuwa watumwa. Tutasimama fasi tano, na kila fasi tutaeleza kidogo.

1. Ngome na bandari ya zamani

Mombasa ni kisiwa. Mbele ya bahari inasimama ngome kubwa ya mawe, jina lake Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Karibu yake iko bandari ya zamani ya majahazi. Katika karne ya 19 bandari za pwani ile zilipitisha pembe za ndovu, nafaka, na watu pia. Watu hawa walikamatwa mbali, wengi wao upande wa ziwa Nyasa. Hata sisi Katanga tunaingia katika habari hii. Kule Bunkeya, mfalme Msiri aliuza pembe, shaba na watumwa kwa misafara ya mashariki na kwa ile ya Angola.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza, alifika kwa Sultani Barghash wa Zanzibar, kumwomba akataze biashara ya watumwa. Sultani alikataa kwanza, halafu mwezi wa sita mwaka ule ule alitia sahihi. Soko la watumwa la Zanzibar likafungwa, na kusafirisha watumwa kwa bahari kukakatazwa. Lakini tuelewe vizuri: utumwa wenyewe haukuisha siku ile. Aliyekuwa na watumwa nyumbani alibaki nao. Katika Kenya sheria ya kuondoa utumwa ilikuja tu mwaka 1907.

Sasa njo swali lilipotokea. Meli za Waingereza zilikamata majahazi baharini na kuwatoa watumwa ndani. Watu hawa waende wapi? Mtoto aliyekamatwa angali mdogo sana hajui njia ya kwao, na pengine mukini yake imekwisha kuchomwa. Kumwambia "uko huru" na kumwacha pwani peke yake, ni kumwachia mshikaji mwingine.

2. Daraja na kengele

Tuvuke sasa daraja la Nyali mpaka bara. Hatuendi sana, tunafika kwenye njia panda, na pale iko mnara mdogo wenye kengele. Fasi ile inaitwa Kengeleni mpaka leo. Shirika la misioni la Kanisa la Uingereza, CMS, lilimtuma Mchungaji William Salter Price, aliyefika Mombasa mwaka 1874. Mwaka 1875 alinunua shamba upande huu wa Kisauni, na kijiji kikapewa jina la Frere. Mwaka ule ule meli ya vita Thetis ilileta kundi kubwa la kwanza la watu waliookolewa.

Kengele ilikuwa ya nini? Watu wa kule wanasimulia kwamba ililizwa kuwaonya wakaaji kama washikaji wa watumwa wanakaribia. Hofu ile haikuwa ya bure. Wenye watumwa wa Mombasa hawakupenda kijiji hiki hata kidogo, juu watumwa wao walikimbilia kule.

3. Kanisa la Emmanuel

Karibu na kengele liko kanisa la Emmanuel, lililojengwa katika miaka ya 1880. Hapa tuulize: nani alifundisha watu hawa kusoma, kuhesabu, kujenga na kuomba? Wengi wanajibu haraka, "Wazungu." Jibu hilo ni nusu tu.

Kabla ya Freretown, watoto wengine waliookolewa baharini walipelekwa mpaka Uhindi, karibu na mji wa Nasik, wakasoma shule ya misioni na kujifunza ufundi. Waliporudi Afrika waliitwa "Waafrika wa Bombay". Hao njo walikuwa mafundi, walimu na wakalimani wa Freretown. Mmoja wa vijana wa Nasik ni Matthew Wellington. Alikuwa kati ya wale waliobeba maiti ya David Livingstone, aliyekufa mwaka 1873 katika mukini ya Chitambo, inchi ya Zambia ya leo, si mbali na mpaka wa Katanga yetu. Walitembea kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika mwaka 1874. Wellington aliishi Mombasa mpaka uzee, akafa mwaka 1935.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwawekea mikono wawili wa hawa Waafrika wa Bombay, William Jones na Ishmael Semler, wakawa mashemasi. Halafu Hannington alishika njia ya Uganda, na Jones alikuwa pamoja naye. Askofu alimwacha Jones njiani na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu wachache. Mwezi wa kumi aliuawa Busoga. Ni Jones aliyewarudisha waliobaki mpaka pwani, mwendo wa majuma mengi, chini ya bendera iliyoandikwa neno moja: Ikabodi. Waliosoma kitabu cha Samweli wanajua maana ya jina hili: utukufu umeondoka.

4. Katikati ya nyumba na mashamba

Tukitoka kanisani tusimame kidogo njiani, tuseme pia yale yasiyofurahisha. Kila familia ilipewa fasi ya kujenga na kulima, lakini sheria zilikuwa kali. Mkubwa mmoja wa misioni, Bwana Streeter, ambaye hakuwa mchungaji, alipiga watu fimbo. Habari ile ilifika mpaka Uingereza, na mwaka 1881 ilichunguzwa. Fikirini: mutu ametoka katika mnyororo, na anapigwa tena na yule aliyemwita ndugu! Tunaandika hii kwa sababu ni kweli, na kwa sababu inafundisha. Kumtoa mutu utumwani ni kazi ya siku moja. Kumheshimu kama mutu mwenye akili yake, hiyo ni kazi ya kila siku.

5. Makaburi ya ufukoni, na njia ya Rabai

Tuteremke sasa upande wa maji, tukiangalia kisiwa ng'ambo. Huku alizikwa Rosine, bibi wa Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS. Walifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka ule ule mama na mtoto wake mchanga walikufa. Krapf hakurudi kwao. Mwaka 1846, pamoja na mwenzake Rebmann, alianza misioni ya Rabai, na kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882.

Rabai ni mbali kidogo kwa miguu, tupande gari. Kule watumwa wengi waliokimbia mabwana wao walijificha kati ya Wakristo, na mabwana wakatisha kuleta vita. Mwisho, George Mackenzie wa kampani ya Waingereza alikubali kulipa mabwana feza. Siku ya kwanza ya mwaka 1889 watu zaidi ya 1,400 walipewa barua za uhuru.

Matembezi yetu yamefika mwisho, lakini neno moja linabaki. Watu wa Freretown walitoka makabila mengi. Hawakuwa na lugha moja, wakashika Kiswahili. Hawakuwa na ukoo, wakaoana na kuzaa. Majirani waliwaita kwa jina moja, Wamisheni. Kati yao hakukuwa hata mmoja aliyeweza kumwambia mwenzake: "Rudi kwenu."

Na mji wetu? Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 juu ya shaba. Kazi ya Union Minière ilileta watu wa Kasai, wa Rwanda, wa Rhodesia ya Kaskazini, na wa kila pembe ya Katanga. Katika makambi walishika Kiswahili, hiki hiki tunachosema uwanjani. Lakini mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, na wengi wao walizaliwa hapa hapa. Kwenye gare za Likasi na Kolwezi watu walilala siku nyingi wakingoja treni, na wengine walikufa. Neno lilianza mdomoni, kwa kuitana "bakuyakuya", halafu likawa mawe na moto.

Katika shule yetu neno lile linasikika bado, mara nyingi kwa mchezo, kwenye mpira ao kwenye mustari wa chakula. Kazi niliyopewa ni kuangalia nidhamu, lakini neno hili halitaisha kwa azabu. Kwa hiyo ninawaomba kitu kimoja. Mukifika nyumbani, muulize babu na nyanya: nani wa kwanza katika jamaa yetu alifika mji huu, mwaka gani, alitoka wapi, na nani alimpokea usiku wa kwanza? Muandike majibu na kuyaleta. Tutayachapa katika namba ijayo, ya wote, bila kuchagua kabila.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita