Je, Wajua? Kinga mbili zaweza kuigandisha kompyuta
Kwenye steshenari ya Kilosa mjini, au kando ya barabara kuu pale Mikumi, kompyuta moja hupokea flashi za watu wengi. Kwa hofu ya virusi, mwenye duka huweka programu mbili za kinga. Mashine ikiwashwa zote huamka pamoja, zikigombania faili lilelile. Skrini inaganda, na mteja anawahi treni barua haijachapwa. Usikimbilie kupiga Windows upya, mafaili ya watu yanaweza kupotea! Ondoa kinga moja. Bado? Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, tafuta orodha ya programu zinazojiwasha, zima nusu, kisha washa upya. Ikitulia, mkorofi yumo kwenye nusu uliyoizima, igawe tena. Kati ya programu 16, majaribio 4 yanatosha kumnasa.