Gari ya kifahari inauzwa bei nzuri, lakini itapita wapi kufika Kanyabayonga?

Picha zinafika kwenye simu: gari ya michezo, milango miwili, rangi nyeusi inayong'aa, viti vya ngozi, haijagongwa hata mara moja. Muuzaji anasema imetunzwa vizuri na bei inazungumzika. Butembo na Beni, miji ya wafanyabiashara waliozoea kuagiza mali toka Dubai na Asia, tangazo kama hilo halishangazi. Lakini kwa mkaaji wa Kanyabayonga, kusini mwa Lubero, ulizo la kwanza si bei. Ni barabara.

Gari za aina hii, kama vile Mercedes-Benz CLK au Toyota Celica, zilitengenezwa kwa ajili ya lami. Tumbo lake liko chini, mara nyingi senti 12 hadi 15 tu toka udongo, wakati jeep ya kazi inapita senti 20. Toka Butembo hadi Kanyabayonga, sehemu kubwa ya barabara ya taifa namba 2 ni udongo. Mvua ikinyesha, malori yanachimba mifereji mirefu, na jiwe moja linatosha kupasua sehemu inayobeba mafuta ya injini. Ukiendelea kusini, unakuta mteremko wa Kabasha unaoshuka kuelekea Rwindi, ndani ya mbuga ya Virunga.

Mradi wa barabara uliozinduliwa na marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni tarehe 16 Juni 2021 ulipanga kilomita 223: Kasindi hadi Beni kilomita 80, Beni hadi Butembo 54, na Bunagana hadi Goma kupitia Rutshuru 89. Kanyabayonga haimo katika hesabu hiyo.

Ulizo la pili ni volani. Gari nyingi za mitumba zinatoka bandari ya Mombasa, zinapita Kampala na kuingia Congo kupitia Kasindi. Kenya na Uganda wanaendesha kushoto, sisi tunaendesha kulia. Gari iliyotoka Japani au Uingereza ina volani upande wa kuume. Ukitaka kupita lori, dereva haoni kinachokuja mbele mpaka gari karibu yote imetoka nje ya mstari. Gari iliyotumika Dubai, kwa kawaida volani yake iko kushoto.

Tatu ni ukweli wa maneno "imetunzwa vizuri". Gari ya Uingereza inahesabu maili, si kilomita: anayesoma 60,000 ajue ni karibu kilomita 96,000. Namba ya shasi iliyochongwa kwenye chuma ifanane na ile ya karatasi za ushuru wa DGDA. Usishangae ikiwa gari iliyotumika Japani haina herufi na tarakimu 17 kama zingine. Huko namba huwa fupi. Uliza pia piesi zake zitapatikana wapi. Piesi za Land Cruiser fundi wa Butembo anazijua, lakini taa au kompyuta ya gari ya michezo inaweza kuagizwa mbali, na gari ikabaki garajini miezi. Hata esanse ya chupa, ile ya Kadhafi wa kando ya barabara, injini kama hiyo haiipendi.

Halafu kuna vita. Tarehe 28 Juni 2024, Kanyabayonga iliingia mikononi mwa M23, na siku zile familia nyingi zilikimbia kuelekea kaskazini. Tangu hapo, gari iliyonunuliwa Butembo ili iende Kanyabayonga inapaswa kuvuka toka upande mmoja wa vita hadi mwingine. Mali ya miaka kumi ya jasho inaweza kupotea kwenye kizuizi kimoja. Na siku ya kukimbia, gari yenye viti viwili mbele na nafasi ndogo nyuma haibebi mama, watoto, godoro na gunia la maharagi.

Hii haina maana kwamba gari ni mbaya. Anayeishi Beni au Butembo na anatembea mjini anaweza kuifurahia, akiwa na karatasi kamili na fundi anayemwamini. Kwa mwenye nyumba Kanyabayonga, pesa hiyohiyo inunue kwanza gari ya juu, hata iliyochakaa rangi, ambayo familia yote itaingia.