Kupokezana Lindo na Mashine

Askari aliye lindoni haachi lango kwa sababu mtu ametokea gizani na kudai kuwa amekuja kumpokea. Humsimamisha, humtambua, hudai neno la siri, ndipo hukabidhi. Na makabidhiano hayo huandikwa katika kitabu cha zamu. Utaratibu huo wa kale ndio unaotakiwa leo kwa wakala wa akili bandia, yaani programu inayotumwa kufungua kurasa za intaneti na kutenda mambo kwa niaba ya mtu.

Wakala wa namna hiyo aweza kufanya kazi katika kivinjari kilichomo kwenye kompyuta ya mbali. Afikapo mahali pa kuingiza neno la siri au kuidhinisha malipo, yampasa asimame na kumwita binadamu. Ndivyo alivyofanya Operator, wakala aliyetolewa na kampuni ya OpenAI ya Marekani mwezi Januari 2025: mtumiaji alishika usukani mwenyewe, na kampuni ilieleza kwamba wakati huo picha za skrini hazikusanywi.

Kwa mfano, wakala anajaza fomu za ofisi iliyoko Jinja, na mwenye idhini yuko Mbale, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Hutumiwa kiungo kwa simu. Akikifungua, huiona skrini ile ile na kuiandikia akiwa huko huko. Hapo ndipo hatari ilipo. Kiungo kikifika mikononi mwa mwingine, huyo ameingia ofisini bila kuvunja mlango.

Kwa hiyo kiungo kiwe cha mtu mmoja, cha kazi moja na cha dakika chache. Anayekifungua athibitishe kwanza yeye ni nani. Mawasiliano yageuzwe maandishi ya siri, kama zigeuzwavyo taarifa za jeshi. Wakala asihifadhi siri aliyoingiziwa, na kila aliyeingia aandikwe jina na saa. Kazi ikiisha, njia ifungwe mara moja.

Naye anayeitwa asiwe mhuri tu. Ukurasa wenye hila waweza kuficha maneno ya kumpotosha wakala, naye akaomba neno la siri lisilostahili kutolewa. Basi na asome anwani ya ukurasa, na aulize: kazi hii imetumwa na nani?

Sheria ya Uganda ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 imefanya kuingia kompyuta bila idhini kuwa kosa. Lakini sheria humfikia mhalifu akiisha kuingia. Wa kumzuia langoni ni mlinzi. Na katika kazi hii, mlinzi ni yule aliyeitwa kusaidia.