Kwa Nini Uji wa Pombe Hupozwa Kabla ya Kutiwa Kimea

Msomaji wetu wa Tabora ameuliza swali zuri kuhusu pombe ya mtama. Bibi yake hupika uji ukaiva kabisa, huuacha upoe mpaka mkono uweze kuuvumilia, ndipo hutia kimea. Kwa nini asikitie uji ukiwa bado unatokota, kazi ikaisha mapema?

Chachu tuipite upesi: hula sukari, hutoa kileo na gesi, na jambo hilo limo katika kila kitabu cha shule. Utamu wenyewe uko kabla ya chachu. Punje ya mtama ina sukari kidogo mno. Imejaa wanga, na wanga chachu haiuwezi.

Zifikirie shanga zilizopita njia ya misafara kutoka Bagamoyo kuja Tabora hadi Ujiji. Zilihesabiwa kwa kete, na kete 10 zilikuwa fundo moja. Wanga nao ni shanga zilizotungwa, kila ushanga ukiwa chembe moja ya glukosi, ila uzi wake mmoja huwa na mamia au maelfu. Chachu ina kinywa kidogo. Humeza ushanga mmoja, au mbili zilizoshikana, au ikijitahidi sana, tatu. Ukiiletea fundo zima itakufa njaa juu ya mali.

Wa kuzikata ni vimeng'enya. (Wapo wanaoandika “enzaimu”. Mimi nashikilia kimeng'enya, maana kumeng'enya ni kuvunjavunja, na hiyo ndiyo kazi yake.) Mbegu ikilowa na kuanza kuota, hutengeneza vimeng'enya ili mche upate chakula kabla haujaliona jua. Mpika pombe huukatiza mche njiani: huzianika mbegu zilizochipua, akazisaga, akapata kimea. Ndani yake wamo wakataji wawili wakuu. Alfa-amilesi hukata uzi popote unapomkuta, katikati kabisa akipenda. Beta-amilesi huanzia nchani, akaondoa shanga mbili, tena mbili, bila kuruka. Shayiri inayopikiwa bia Ulaya ina huyu wa pili tele. Mtama unaye kwa uchache, kwa hiyo vipande virefu vingi hubaki chunguni bila kuliwa. Hiyo ni sababu mojawapo ya pombe yetu kuwa nzito na kumshibisha mnywaji.

Lakini shanga hizi hazikutandazwa mkekani. Ndani ya punje zimefungwa mzigo, kamba zimekazwa kama za mpagazi anayejua kuwa pwani iko mbali, na kisu hakipenyi. Kinachofungua mzigo ni maji ya moto: wanga huvimba, hulegea, na uji huwa mzito. Kwa shayiri jambo hilo hutokea karibu na nyuzijoto 60. Mtama ni mkaidi zaidi, hutaka karibu 70 au hata kupita hapo. Na kimeng'enya ni protini. Kwenye maji yanayochemka umbo lake huharibika na kazi yake ikaishia hapo. Mzigo unataka moto, mkataji hauwezi. Yule bibi amepatanisha mambo hayo kwa kuyatenga: kwanza moto ufungue mizigo, halafu uji upoe, wakataji waingie wakiwa wazima. Naona huo ni ugunduzi mkubwa wa kikemia, na ulifanywa jikoni.

Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, aliandika utaratibu mwingine. Nusu ya nafaka ililowekwa ikaota, ikatwangwa, ikachanganywa na unga wa nusu ya pili, pengine na asali kidogo, kisha vyote vikachemshwa mara mbili tatu katika vyungu vikubwa. Utadhani vimeng'enya viliungua vyote. La. Chungu kikubwa juu ya kuni hakichemki ghafla. Hupanda polepole, na kinapokaribia nyuzi 70 mizigo huanza kulegea huku wakataji wangali na nguvu. Ni mwanya mwembamba, lakini unatosha. Burton aliona pia kwamba baada ya siku ya tatu pombe ilikuwa chachu kama siki, bakteria hawakawii. Ndiyo maana ilinywewa palepale ilipopikwa.

Kimea kikavu, kwa upande wake, hukaa. Na kazi yake haiishii kilabuni. Katika miaka ya 1980 watafiti wa lishe nchini Tanzania walikipima katika uji wa watoto. Uji mzito mtoto mdogo hawezi kuumeza, na ukiuzimua kwa maji atashiba maji. Tia kijiko cha kimea katika uji mzito ulioiva na kupoa kiasi, ukoroge: alfa-amilesi hukata nyuzi katikati, na ndani ya dakika chache uji unamiminika, unga ukiwa uleule. Kikombe kimoja sasa kinabeba chakula ambacho zamani kingehitaji vikombe viwili au zaidi.